Maswali na Majibu: Diwani wa Wanyama Anafanya Nini Hasa?

Barua za toleo hili karibu zote zinamhusu mtu mmoja, yule diwani wa jiji aliyesimama jukwaani na kusema atawatetea wanyama. Baadhi zimeandikwa na madiwani wenyewe, nyingine na watumishi wanaotakiwa kutekeleza ahadi zao. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimeapishwa. Nianze wapi?

*Mhariri, salaam. Ni mara yangu ya kwanza kuwa diwani. Kwenye kampeni niliahidi kushughulikia mbwa wanaozurura, punda wa mikokoteni na kuku wanaosongamana kwenye matenga sokoni. Sasa nimeapishwa na kila mtu ananiuliza nitaanza na lipi. — Diwani mpya*

Hongera, Mheshimiwa. Kabla hujaandika hoja yoyote, kaa na nyaraka tatu: sheria inayolipa jiji lako mamlaka yake, jalada la sheria ndogo zilizopo, na kitabu cha bajeti ya mwaka huu. Ukizisoma utaona kwamba nusu ya uliyoahidi tayari yamo kwenye sheria ndogo ya zamani ambayo haina mtu wala fedha ya kuitekeleza, na sehemu nyingine haiko mikononi mwa jiji kabisa.

Mara nyingi jiji lina kauli juu ya leseni za biashara, masoko, machinjio, usajili wa mbwa, usafi, matumizi ya barabara, kumbi na viwanja vyake lenyewe, na zabuni zake. Kwa kawaida halina kauli juu ya makosa ya jinai ya ukatili, taaluma ya udaktari wa mifugo, wanyamapori na usafirishaji wa mifugo nje ya nchi. Mpaka huo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mwombe mwanasheria wa jiji akuandikie maoni yake kwa maandishi. Maoni ya mdomo yana tabia ya kubadilika siku ya kura.

Mpaka huo una meno. Mwaka 2003 mji wa West Hollywood, Marekani, ulipiga marufuku kung'oa kucha za paka, operesheni ambayo kwa kweli hukata kifundo cha mwisho cha kila kidole. Chama cha madaktari wa mifugo cha California kikaenda mahakamani kikidai kwamba mji hauna mamlaka ya kumwambia daktari mwenye leseni ya jimbo afanye nini. Mji ukashindwa, ukakata rufaa, na mwaka 2007 ukashinda. Mwaka 2009 jimbo likapitisha sheria ya kuzinyima halmashauri mamlaka hayo kuanzia Januari 2010. Majiji kadhaa, yakiwemo Los Angeles na San Francisco, yakaharakisha kupitisha marufuku zao kabla mlango haujafungwa. Waliojua tarehe ya mlango kufungwa ndio waliopata kitu.

Kuna njia nyingine, ya kuzunguka. Nchini Colombia, kupiga marufuku mapigano ya fahali ni kazi ya bunge, si ya jiji. Mwaka 2020 baraza la Bogotá, kwa hoja ya diwani Andrea Padilla, halikuyapiga marufuku. Liliondoa vifaa vinavyomjeruhi na kumuua fahali, likapandisha kodi ya maonyesho hayo, na kuagiza matangazo yake yataje mateso ya mnyama. Padilla aliingia seneti mwaka 2022, na sheria ya nchi nzima ya kuyakomesha ikapita mwaka 2024.

Sasa kamati. Madiwani wa ajenda hii hukimbilia kamati ya afya au mazingira kwa sababu ndiko wanyama wanakotajwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, nenda kamati ya fedha. Huko ndiko kasma ya chanjo, yaani fungu lake la bajeti, inakokatwa saa nne usiku wakati wenzako wamechoka, na asiyekuwepo hana wa kumlaumu.

Hoja yako ya kwanza iwe ya kuomba taarifa, kwa sababu haigharimu chochote na ni vigumu mtu kuipinga. Iandike hivi: “Mkurugenzi awasilishe ndani ya siku 60 taarifa inayoonyesha, kwa kila mwezi wa miaka mitatu iliyopita: idadi ya watu waliotibiwa kwa kuumwa na mbwa, idadi ya mbwa waliochanjwa, idadi ya wanyama walioingia kituo cha jiji na namna walivyotoka, idadi ya malalamiko na hatua zilizochukuliwa, na fedha zilizotengwa na zilizotumika.” Neno muhimu hapo ni “zilizotumika”. Kutenga fedha si kutoa fedha.

Kuku wa sokoni usiwadharau. Soko ni la jiji, leseni ni ya jiji, hakuna wa kukupeleka mahakamani, na masharti manne yanatosha: kuku wasibebwe wakining'inia kichwa chini, tenga liwe na kimo cha kumruhusu kuku asimame, wakae kivulini, wapate maji. Msimamizi wa soko anaweza kukagua hayo akipita tu.

Wanataka mbwa wote wauawe

*Mhariri, mtoto wa mtaani kwetu aliumwa na mbwa. Kikao kijacho kuna hoja ya kuwapiga risasi mbwa wote wasio na kamba. Diwani wetu anapinga lakini anazomewa. Mpeni hoja zenye uzito. — Mkazi*

Kwanza mtoto. Kila aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa hiyo diwani wenu asiseme kamwe kwamba hofu ya wazazi ni ya kipuuzi. Akishasema hivyo, kikao kimemtoka.

Aingie na hesabu. Chukua kata yenye mbwa 2,000, ambao 1,400 wamechanjwa, yaani asilimia 70. Jiji linaua 600. Wapiga risasi huwapata mbwa walio karibu na wasiokimbia, nao wengi wana wenyewe. Tuseme waliochanjwa na wasiochanjwa wanakufa kwa uwiano ule ule: 420 kati ya waliouawa wana kinga. Wanabaki mbwa 1,400, wenye kinga 980. Bado asilimia 70, na baraza linapiga makofi. Kisha watu wanaleta watoto wa mbwa kuziba pengo, kwa sababu aliyefuga mbwa wa kulinda nyumba bado ana nyumba ya kulindwa. Idadi ikirudi 2,000, wenye kinga ni wale wale 980. Kinga imeshuka hadi asilimia 49, na jiji limelipia risasi kuishusha.

Ndivyo ilivyotokea kwa upana wake Indonesia. Kisiwa cha Flores kiliua mbwa kwa wingi baada ya ugonjwa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. Kisiwa cha Bali kiliingiliwa na ugonjwa mwaka 2008, kikaanza kwa kuua, na maambukizi yakaanza kushuka baada ya kampeni ya kuchanja kisiwa kizima iliyoanza 2010.

Kwa nini asilimia 70? Kichaa cha mbwa hakienei kwa kasi: kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza chini ya wawili. Kinga ya chini ya nusu ya mbwa wote inatosha kuukata mnyororo. Lakini mbwa hawaishi sana na huzaa sana. Ikiwa theluthi ya mbwa wa kata itakufa na kuzibwa na watoto wapya ndani ya mwaka, asilimia 70 ya leo itakuwa kama 47 kabla ya kampeni ijayo. Ile ziada ni akiba ya mwaka mzima, na ndiyo sababu kampeni ya mara moja tu ni fedha iliyotupwa.

Diwani wenu asimalizie kwa “tusiwaue”. Aweke mezani mpango mbadala wenye namba. Kata ina watu 24,000. Hesabu ya sampuli ya mitaa imeonyesha mbwa mmoja kwa kila watu 12, basi mbwa ni 2,000 na lengo ni 1,400. Ongeza asilimia 10 ya upotevu: dozi 1,540, sawa na chupa 154 za dozi kumi kumi. Kituo kimoja chenye watu wanne (mchanjaji, mshikaji mbwa, mwandishi wa kadi, na wa kupanga foleni), kikitangazwa vizuri, huchanja mbwa kama 150 kwa siku. Vituo vitano kwa siku mbili vinatosha, vikisaidiwa na timu ya kupita nyumba kwa nyumba.

Kampeni huharibika kwa mambo madogo. Inafanywa siku ya shule, ilhali watoto ndio wanaoleta mbwa. Kituo kinawekwa ofisi ya kata, mbali na watu, na mbwa hatembei mbali bila kupigana na wenzake njiani. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mtu mwenye nia njema anaigandisha, na chanjo iliyoganda si ya kutumia tena. Sindano haibadilishwi kwa kila mbwa. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu wanarudishwa nyumbani, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka nao wachanjwe. Na kosa kubwa kuliko yote ni kutoza ada mlangoni: ada ndogo inapunguza foleni kuliko mvua.

Kila aliyechanjwa avishwe ukosi wa rangi au apakwe alama ya rangi mgongoni. Kesho yake jioni watu wawili wapite mitaa ileile wakihesabu. Wakiona mbwa 120 na 72 wana alama, mmefika asilimia 60. Mtaa ulio chini zaidi ya mingine ndio unaofuata kwa nyumba kwa nyumba, wiki hiyo hiyo, kabla rangi haijafutika.

Kuhasi ni jambo zuri na hupunguza mbwa kwa miaka, lakini hakuzuii ugonjwa mwezi huu. Msiache chanjo ikasubiri chumba cha upasuaji.

Sheria ndogo yetu imelala kabatini

*Nafanya kazi ya ukaguzi. Tuna sheria ndogo inayokataza kuwatesa wanyama wa mikokoteni, lakini sijawahi kushinda kesi hata moja. Diwani anataka iandikwe upya. Iweje? — Mkaguzi wa jiji*

Ulizo lako ni zuri kuliko mengi tunayopokea, na jibu liko kwenye kitenzi. “Ni marufuku kumtesa mnyama” kinakulazimisha kuthibitisha mateso, yaani kumsomea hakimu moyo wa punda. Andikeni kitu ambacho jicho linaona na picha inaonyesha: “Mnyama hatafungwa kwenye mkokoteni iwapo ana kidonda kilicho wazi mahali popote panapoguswa na matandiko, au iwapo anachechemea.” Hapo huhitaji nia ya mwenye mkokoteni wala maumivu ya punda. Unahitaji kidonda.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tano. Mtazame mnyama kwa mbali kwanza, kwa sababu punda akisogelewa na mgeni hujikaza na kuficha maumivu. Fungua matandiko yote. Vidonda vibaya hukaa chini ya mkanda wa tumbo, kwenye mabega, juu ya uti wa mgongo na chini ya mkia, na bila kufungua hutaviona. Kisha mwambie mwenyewe amtembeze hatua ishirini kwenye ardhi ngumu. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka mguu huo unapokanyaga na kushuka mguu mzima unapokanyaga. Inua kwato zote nne. Mwisho mwekee ndoo ya maji: punda wa kazi huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku kutegemea joto na mzigo, na anayeifakamia ndoo nzima bila kupumua amekupa ushahidi mwenyewe.

Diwani ajue pia vidonda vinatoka wapi, maana fimbo ni sehemu tu. Kamba ya nailoni hukata kama msumeno. Mkanda mwembamba au uliokunjika hukusanya uzito mahali pamoja. Na kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili, mzigo usiopangwa sawa juu ya ekseli ni mateso peke yake: ukielemea mbele, miti ya kuvutia humkandamiza mgongoni, ukielemea nyuma, mkanda wa tumbo humvuta juu na kumbana kifua. Mzigo ukiwa sawa, mtu mmoja huweza kuinua ncha za ile miti kwa mikono. Jaribio hilo liandikwe kwenye kanuni. Halihitaji mizani.

Adhabu zipangwe kwa ngazi. Mara ya kwanza, cheti cha kusimamisha mnyama kazi hadi kidonda kipone, na mafunzo ya kurekebisha matandiko. Faini ije mara ya pili. Kwa mtu mwenye punda mmoja, siku kumi bila kazi zinauma kuliko faini, na tofauti na faini, hazimpi sababu ya kumfanyisha punda kazi mara mbili ili arudishe hela.

Kuna kifungu kinachosahaulika karibu kila mahali: mnyama akichukuliwa, anakaa wapi, anakula nini, nani analipa, na baada ya siku ngapi anakuwa mali ya jiji. Bila jibu, wakaguzi hawamchukui mnyama yeyote, na wana haki. Mkataba na zizi la nje wenye kiwango cha malipo kwa siku unatosha. Si lazima kujenga.

Toeni miezi sita ya mpito, mikokoteni isajiliwe na kupigwa namba. Kama lengo la mwisho ni kuiondoa kabisa, fedha ya kuwapa wenyewe njia nyingine ya kuishi iwe kwenye bajeti ile ile. Bogotá ilipowaondoa farasi wa mikokoteni barabarani, kazi iliyokamilika mwaka 2013, mpango wake uliwapa wenye mikokoteni magari au njia nyingine ya kipato badala ya farasi. Marufuku tupu huwahamishia wanyama pembezoni na usiku, mahali usipokagua.

Mtu anaweza kujenga maisha yake ya siasa kwa ajenda hii?

*Wenzangu kwenye chama wananiambia wanyama hawapigi kura. Kuna diwani aliyedumu nayo? — Mgombea mtarajiwa*

Wapo. Paul Koretz alianzia baraza la mji wa West Hollywood mwaka 1988, akaenda bunge la jimbo la California mwaka 2000, kisha akawa diwani wa Los Angeles kuanzia 2009 hadi 2022. Namna alivyopita katikati ya mabaraza hayo inafundisha kuliko hotuba zake. Alipokuwa bungeni marufuku ya jimbo zima ya kung'oa kucha za paka wa nyumbani haikupita. Ikapita ndogo yake, ya mwaka 2004, ya paka-mwitu na jamii zao. Mwaka 2009, kabla ya ile Januari ya mlango kufungwa, Los Angeles ilipitisha marufuku yake yeye akiwa mmoja wa waliosukuma.

Mwaka 2012 jiji hilo lilipiga marufuku maduka kuuza mbwa, paka na sungura wanaozalishwa kibiashara. Yaliruhusiwa kuuza waliotoka vituo vya wanyama na mashirika ya uokoaji. Sheria hiyo iliwekewa muda wa miaka mitatu, jambo lililowapa wenye mashaka sababu ya kupiga kura ya ndiyo, na mwaka 2016 ikafanywa ya kudumu. Jimbo likafuata kwa sheria ya 2017 iliyoanza kazi Januari 2019.

Sasa angalia ilipovuja. Neno “shirika la uokoaji” lilikuwa pana. Wazalishaji wakaanza kupitisha watoto wa mbwa kupitia mashirika ya jina tu, mbwa yule yule, duka lile lile, karatasi mpya. Ilibidi jimbo lirudi mwaka 2020 na sheria nyingine iliyozuia maduka kuuza kabisa. Yabaki kutoa nafasi ya kuwaonyesha wanyama wa kuasiliwa bila kuchukua hela. Ukiandika sheria kama hii, tumia saa moja kwenye vifungu na saa tatu kwenye tafsiri ya maneno.

Mfano wa tatu ni fimbo yenye ndoana inayotumiwa kumwongoza tembo wa sarakasi. Los Angeles iliipiga marufuku mwaka 2014 kwa utekelezaji wa 2017. Haikuwazuia tembo wenyewe, lakini sarakasi zilizotegemea fimbo hiyo hazikuweza kufanya onyesho bila hiyo. Machi 2015 kampuni ya sarakasi ya Ringling ilitangaza kuwaondoa tembo wake, na moja ya sababu ilizozitaja ni ugumu wa kufuata sheria zinazotofautiana mji kwa mji. Tembo walicheza mara ya mwisho Mei 2016.

Na tusikudanganye: Koretz aligombea ukaguzi mkuu wa fedha za jiji mwaka 2022 akashindwa kwa mbali. Ajenda ya wanyama hujenga wafuasi waaminifu ndani ya eneo dogo, ila haikubebi jiji zima bila jambo la pili. Kuhusu wanyama wasiopiga kura, wenye wanyama hupiga, na walioumwa na mbwa pia.

“Watu hawana maji, wewe unaongelea mbwa”

*Kila nikisimama naambiwa hivyo. Nijibu nini? — Diwani wa awamu ya pili*

Usijibu kwa huruma. Jibu kwa bili. Omba hospitali za jiji zikupe gharama ya kumtibu mtu mmoja aliyeumwa, chanjo zote pamoja na safari, uiweke kando ya gharama ya kumchanja mbwa mmoja kwa mwaka. Namba zitoke kwenye vitabu vya jiji lenu wenyewe, si mtandaoni. Na siku ya hoja ya maji, simama uichangie, tena vizuri. Diwani anayeonekana tu siku ya mbwa atasikilizwa siku ya mbwa tu.

Kituo cha jiji kimejaa, na kinasema kinaokoa asilimia 90

*Kituo cha wanyama cha jiji letu kinajivunia kuwa na asilimia 90 ya wanyama wanaotoka hai, lakini barabarani mbwa ni wengi kuliko zamani. Kamati yetu imepewa kukikagua. Tuangalie nini? — Mjumbe wa kamati*

Asilimia hiyo ni wanyama waliotoka hai (walioasiliwa, waliorudishwa kwa wenyewe, waliohamishiwa kwingine) kugawanya kwa wote waliotoka, waliouawa na waliokufa wakiwemo. Kuna njia mbili za kuipandisha. Moja ni kuokoa wanyama zaidi. Nyingine ni kufunga mlango wasiingie wagonjwa na wakali. Kwa hiyo ombeni idadi ya walioingia mwaka huu na miaka minne iliyopita, na daftari la waliokataliwa. Ikiwa walioingia wamepungua kwa nusu na daftari la waliokataliwa halipo, mmeshapata jibu la barabarani.

Kisha pigeni hesabu ya vizimba. Wanyama wanaoingia kwa siku, mara wastani wa siku wanazokaa: sita kwa siku kwa siku kumi ni vizimba 60. Wakikaa siku kumi na tano, ni 90, bila mbwa hata mmoja kuongezeka mtaani. Ndiyo maana ombi la kujenga jengo jipya lisipite kabla hamjauliza kinachowachelewesha. Mara nyingi ni foleni ya kuhasiwa au saa za kufungua: kituo kinachofungwa saa tisa na nusu alasiri, na Jumapili nzima, hakitembelewi na mtu mwenye kazi. Kulipia siku moja zaidi ya daktari kwa wiki ni rahisi kuliko kumwaga zege.

Nendeni bila taarifa, asubuhi, wakati wa usafi. Kizimba kizuri kina vyumba viwili na mlango katikati, mbwa anasogezwa upande wa pili huku wa kwanza ukioshwa. Mkiona mbwa anamwagiwa maji ya mpira pamoja na sakafu, andikeni. Ulizeni chanjo inatolewa lini. Jibu sahihi ni “anapoingia mlangoni”. Jibu la “baada ya wiki, tukiona ni mzima” linaeleza vifo vya parvo, kirusi cha kuharisha damu cha mbwa, kwenye daftari. Kirusi hicho hakiuawi na dawa nyingi za kawaida za sakafu. Dawa ya klorini ya nyumbani, ile yenye nguvu ya kama asilimia 5, sehemu moja kwa 32 za maji, huweza, kwa masharti matatu: kinyesi kiondolewe na sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, dawa ikae dakika kumi, na ichanganywe upya kila siku. Muulizeni msafishaji mwenyewe, si meneja, anachanganyaje. Akisema “nakadiria”, mmepata kipengele cha kwanza cha ripoti yenu, na kikombe cha kupimia kinanunuliwa siku hiyo hiyo.

Ninaongoza shirika la wanyama. Naruhusiwa kuwa diwani?

*Shirika letu huomba ruzuku ya jiji kila mwaka. — Mwenyekiti wa shirika*

Katika sehemu nyingi kugombea si kosa; kosa ni kukaa kimya. Andika tamko la maslahi kwenye rejista wiki ya kwanza. Ajenda ya ruzuku ikifika, tangaza, toka nje ya ukumbi, na hakikisha katibu ameandika saa uliyotoka na saa uliyorudi. Kukaa kitini bila kupiga kura hakutoshi, kwa sababu wenzako wanakuona. Usiwapigie simu watumishi wa kitengo kinachochambua maombi, hata kuuliza tu limefika wapi. Kama shirika lako ndilo pekee lenye uwezo wa kuhasi au kuchanja mjini, jiuzulu uongozi wake kabla zabuni haijatangazwa, si baada ya kushinda.